Mwili Unajuaje? Majibu ya maswali yenu kuhusu homa, jasho, kiu na sukari

Toleo lililopita niliandika kipande kifupi kuhusu mwili unavyotunza hali yake ya ndani, yaani joto, sukari, chumvi, maji, hewa na asidi ya damu vibaki kwenye viwango vyake hata kama huko nje mambo yamebadilika kabisa. Nilidhani mtasoma mpite. Meseji zilizoingia ni nyingi kuliko nilivyotegemea, na nyingi zina mtindo mmoja: mtu anaona dalili, anadhani mwili umeharibika, kumbe ile dalili ndo mwili wenyewe uko kazini. Sio mara zote lakini, na hapo ndo pa kuwa makini. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu kaandika kurasa mbili na nukta hamna hata moja.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu ana miaka minne, akipata homa kifua kinaunguza kabisa ila yeye analia baridi, anataka blanketi, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Ulisema mwili unajua joto lake. Sasa hapo unajua nini? Na nimfunike au nimvue? (Mama wa mmoja)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Mwili wa mwanao hapo haujachanganyikiwa hata kidogo, unafanya kile ulichoamriwa.

Iko hivi. Chini katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Inapokea taarifa za joto kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye damu inayopita hapo hapo, inalinganisha na kiwango ilichokishika, kwa kawaida 37 hivi, alafu inatoa amri ya kuongeza joto au kupunguza. Sasa vimelea vikiingia, seli za kinga zinamwaga kemikali kwenye damu, zile kemikali zinafanya itengenezwe prostaglandini kule kwenye ubongo, na hiyo prostaglandini ndo inabadilisha kiwango chenyewe. Ni kama mtu kaizungusha ile swichi ya duara ya pasi kutoka kwenye hariri kwenda kwenye pamba: pasi haijaharibika, inaanza kupata moto zaidi kwa sababu imeambiwa ipande. Kiwango kimepandishwa mpaka 39, mtoto yuko 37.5, kwa hesabu ya ubongo wake huyo mtoto ana baridi, tena upungufu wa digrii moja na nusu nzima. Kwa hiyo anafanyiwa yale yale anayofanyiwa mtu aliyeko kwenye baridi kweli, mishipa ya damu ya ngozi inabana ndo maana vidole vya mikono na miguu vinakuwa vya baridi huku kifua kinawaka, misuli inatetemeka ili izalishe joto, na yeye mwenyewe anavuta blanketi.

Akishafika 39 anatulia. Hatetemeki tena wala hasikii baridi, na ukimpima hapo unakuta namba ya kutisha kuliko ile ya mwanzo wakati yeye anaonekana afadhali, jambo ambalo linawachanganya wazazi wengi sana. Baadae kinga ikielekea kushinda, au umempa parasetamo ambayo kazi yake ni kupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini, kiwango kinarudi 37 lakini mtoto bado yuko 39, sasa amezidi. Mishipa ya ngozi inafunguka, jasho linamwagika, mashuka yanalowa. Watu wakiona lile jasho wanashtuka, ila hapo ndo homa inashuka.

Kumfunika au kumvua: wakati anatetemeka shuka jepesi linatosha, usimrundikie mablanketi matatu na usimkimbize kwenye maji ya baridi. Maji ya baridi kwa mtu ambaye kiwango chake kimepandishwa yanamfanya atetemeke zaidi, yaani atengeneze joto zaidi, anateseka bure. Mpe vinywaji kidogo kidogo mara nyingi. Parasetamo mpe kwa dozi ya uzito wake ili apate nafuu, sio kwa ajili ya kuifukuza namba kwenye kipimajoto. Ila mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38 hakuna kusubiri, hospitali moja kwa moja. Na mtoto wa umri wowote akipata degedege, shingo ikikakamaa, akipumua kwa shida, akishindwa kunywa au akiwa haamki vizuri, ni hospitali pia.

Kuna kitu kingine watu wanakichanganya na homa, ni kiharusi cha joto. Yule aliyefanya kazi nzito juani au aliyefungiwa kwenye gari lililopigwa jua hana homa. Kiwango chake ubongoni bado ni 37, ila joto linaingia na kuzalishwa kuliko uwezo wa mwili kulitoa. Anavuka 40, anaanza kuongea vitu havieleweki, anapepesuka, anaweza kuzimia. Huyo parasetamo haimsaidii chochote maana hamna prostaglandini ya kupunguza. Huyu sasa ndo wa maji ya baridi: mtoe kwenye joto, mvue, mmwagie maji au mtumbukize kwenye maji ya baridi mkiwa mnamshika kichwa, mpepee, huku mtu mwingine anatafuta gari la wagonjwa. Kila dakika ina thamani. Watu wawili wote wana 40, mmoja maji ya baridi yanamtesa mwingine yanamwokoa, kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni joto lile limepandaje.

SWALI: Nimenunua kipimajoto, asubuhi nikiamka 36.2, jioni 37.1. Kila jioni. Nina homa iliyojificha? (Naomba jina lihifadhiwe)

JIBU: Huna. Joto la mwili linakuwa chini kabisa alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na mbili hivi, na linafika juu alasiri kwenda jioni, tofauti ya nusu digrii au zaidi kidogo ni kawaida kabisa. Kwa wanawake linapanda tena kidogo baada ya yai kupevuka na kutoka. Hiyo 37 mnayoiimba ilipata umaarufu kutoka kwa daktari Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868, ni wastani, sio mstari ambao ukiuvuka umeumwa. Weka kipimajoto kabatini mpaka siku ujisikie vibaya.

SWALI: Mwalimu nimesikia eti kuna watu waliwahi kuingia kwenye chumba chenye joto kuliko maji yanayochemka wakatoka wazima. Mi nabisha. (Mbishi wa darasani)

JIBU: Umeshindwa mdogo wangu. Ni London, mwaka 1774. Daktari mmoja, George Fordyce, alikuwa na vyumba anavipasha moto makusudi, akamwalika Charles Blagden na wenzake, akiwemo Joseph Banks yule mtaalamu wa mimea aliyesafiri na kapteni Cook. Walianza na joto la kawaida wakawa wanapandisha, mwishowe Blagden akasimama kwenye hewa ya sentigredi 127 kwa dakika kadhaa. Maji yanachemka 100, kumbuka. Minyororo ya saa zao ilikuwa haishikiki. Kila walipopuliza pumzi kwenye kipimajoto zebaki ilishuka, yaani pumzi inayotoka kifuani ilikuwa ya ubaridi kuliko hewa ya chumba, kitu ambacho ukikifikiria kinashangaza sana maana sisi tumezoea pumzi ni ya moto. Waliweka mayai juu ya bati, dakika 20 yakawa yameiva magumu. Wakaweka pande la nyama, dakika 47 likawa limeiva mpaka linakaribia kukauka. Walimwingiza hadi mbwa, wamemweka kwenye kikapu ili miguu isiungue na sakafu, akatoka salama.

Sasa nyama imeiva na watu hawajaiva, wote ni nyama. Tofauti ni mbili. Ya kwanza damu inazunguka, inachukua joto kwenye ngozi inalisambaza mwilini kote, kwa hiyo hamna sehemu moja inayobeba mzigo peke yake kwa muda mfupi. Ya pili, ambayo ndo kubwa, ni jasho. Una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Jasho likiwa bado linachuruzika halijakusaidia kitu, linakupoza pale linapogeuka mvuke, na lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na kilokalori kama 580 za joto, hizo zinatosha kupandisha lita 10 za maji kwa digrii 58. Mtu anayefanya kazi kwenye joto anaweza kutoa lita moja mpaka mbili kwa saa. Na ukikaa kwenye mazingira ya joto wiki moja mbili mwili unajifunza: jasho linaanza mapema, linakuwa jingi, na chumvi ndani yake inapungua maana tezi zinairudisha kabla haijatoka.

Ila kile chumba kilikuwa na hewa kavu, na hapo ndo kwenye siri yenyewe. Hewa ikiwa imeshiba mvuke jasho halikauki, linachuruzika chini tu, umepoteza maji na chumvi bila kupata faida. Kwenye hewa iliyoshiba kabisa unyevu, digrii 35 tu zinatosha kumshinda mtu mzima mwenye afya aliyekaa kivulini bila kufanya lolote, akiachwa humo kwa saa kadhaa, na kiuhalisia wengi wanaanza kuzidiwa kabla ya hapo. Kwa hiyo 127 kavu kwa dakika chache unapona, 35 ya unyevu kwa siku nzima inaweza kukuua. Wale jamaa waligundua na kitu kingine: walipoipulizia nyama hewa ya chumba kwa mvukuto iliiva kwa dakika 13. Hewa ya moto kuliko mwili ikipulizwa inakuletea joto, kwa hiyo feni sio rafiki kila wakati, ikifika hewa ya 40 kwenda juu lowesha ngozi au nguo kwanza ndo uiwashe. Na tafadhali usiende kujaribu habari ya chumba.

SWALI: Kocha wangu wa gym anasema ninywe maji mpaka mkojo uwe mweupe kama maji yenyewe, na nisisubiri kiu maana ukisikia kiu umeshachelewa. Nafika lita saba kwa siku, kichwa kinaniuma. (Kijana wa mazoezi)

JIBU: Kijana wangu, punguza leo hii hii. Ile kauli ya kiu umeshachelewa imeharibu watu wengi.

Kiu inaanza pale damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu. Kabla hata ya kiu, ubongo unakuwa umeshaachia homoni inayoitwa ADH, inakwenda kwenye figo kuziambia zirudishe maji kwenye damu, ndo maana mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Figo zako zinachuja lita kama 180 kwa siku, zaidi ya 99% zinarudishwa, wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Ukinywa, ile homoni inashuka ndani ya dakika chache na kiu inakatika kabla maji hayajafika kwenye damu, mdomo na koo tu vikishatoa taarifa. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji kukumbushwa na kocha kila nusu saa.

Shida ya kuzidisha ni hii. Figo zikifunguliwa mpaka mwisho zinatoa lita moja hivi kwa saa, tena ukiwa umepumzika, kwenye mazoezi makali ADH haishuki vizuri kwa hiyo zinatoa pungufu ya hapo. Ukizidisha, sodiamu kwenye damu inapungua, ambayo inatakiwa iwe 135 hadi 145. Maji yanaingia ndani ya seli, seli zinavimba, na ubongo uko ndani ya fuvu hauna pa kuvimbia. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege, na watu wamekufa. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 waliomaliza, 13% walikuwa na sodiamu ya 135 au pungufu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Umekimbia kilomita 42 umemaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, hapo kiu haikuwa na makosa yoyote.

Kunywa ukisikia kiu, ongeza kukiwa na joto au jasho jingi, mkojo ukiwa wa njano hafifu uko sawa, sio lazima uwe mweupe. Waliowahi kupata mawe kwenye figo wanaambiwa na daktari wanywe zaidi, wafuate hiyo. Na wazee kiu yao inafifia, wao kweli wakumbushwe. Lakini wewe una miaka ishirini na kitu, bana. Na kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya kupunguza, nenda kapimwe.

SWALI: Maji ya alkali yanaondoa asidi kwenye damu? Nimeambiwa asidi ndo chanzo cha magonjwa yote. (Msomaji)

JIBU: Hapana. Damu yako iko kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) 7.35 hadi 7.45 muda wote na maji unayokunywa hayaibadilishi, kwanza yanapita tumboni ambako asidi ni pH 1 hadi 2 huko, alkali yake inaishia hapo. Kazi ya kutunza asidi ya damu inafanywa na bikaboneti iliyomo kwenye damu hiyo hiyo, mapafu yanayotoa kabonidayoksaidi kila pumzi, na figo zinazotoa asidi kwenye mkojo. Mapafu yanarekebisha kwa dakika, figo zinachukua siku kadhaa. Damu ikishuka kweli chini ya 7.35, labda kwa sukari iliyozidi sana au figo zilizofeli, mtu yuko hoi anapumua kwa nguvu na kasi, huyo anahitaji wodi sio chupa ya maji. Hela yako nunulia kitu kingine.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baba ana kisukari cha ukubwani. Juzi kabla ya kulala alipima 7.2, usiku hakula kitu, asubuhi 9.8. Mama anamtuhumu anaamka usiku kula kwa siri, nyumbani hakuna amani. (Binti wa mwisho)

JIBU: Marahaba binti. Mpelekee mama hii kurasa, na kama kuna radhi ya kuombwa iombwe.

Tuanze na mtu asiye na kisukari. Damu yake yote, lita tano hivi, ina sukari gramu kama 5 tu kwa wakati mmoja, kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake unatumia gramu 120 hivi kwa siku, yaani gramu 5 kila saa. Piga hesabu: ukilala kwa muda wa saa nane bila kula na hakuna anayeongeza kitu, sukari ya kwenye damu ingeisha ndani ya saa moja na usingeamka. Anayeongeza ni ini. Ini linahifadhi sukari kwa umbo la glaikojeni, gramu 100 hivi, na usiku kucha linaimega na kuiachia kwenye damu kidogo kidogo kwa amri ya homoni inayoitwa glukagoni, na likiona akiba inapungua linatengeneza sukari mpya kutoka kwenye protini na mabaki mengine.

Aliyeligundua hilo ni Mfaransa Claude Bernard, ndo huyo huyo aliyeanzisha wazo zima la mazingira ya ndani ya mwili kutunzwa yasiyumbe. Wakati wake watu waliamini sukari kwa mnyama inatoka kwenye chakula tu. Mwaka 1855 alichukua ini la mnyama aliyetoka kuchinjwa, akapitisha maji kwenye mishipa yake kulisafisha mpaka maji yanayotoka hayana sukari hata kidogo, akaliacha. Kesho yake akalipima, sukari imejaa tena. Ini lililokatwa, halina mwenyewe, na bado linatoa sukari.

Sasa turudi kwa baba. Kuanzia kama saa tisa usiku mpaka asubuhi mwili wa kila mtu unajiandaa kuamka, homoni kama kotiso na ile ya ukuaji zinapanda, zinaliambia ini litoe sukari zaidi. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho linajibu kwa insulini kidogo, ini linapunguza kasi, sukari haisogei. Kwa baba, ini halisikii insulini vizuri na insulini yenyewe labda haitoshi, kwa hiyo linaendelea kumwaga. Amelala fofofo, hajagusa sufuria, na sukari imepanda kutoka 7.2 mpaka 9.8. Ni kitu kinachojulikana kabisa kwa wenye kisukari.

Msimwambie alale na njaa ili ishuke, ini likiona hakuna kinachoingia linatoa lake, na kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge inaweza kumshukia vibaya usiku. Andikeni vipimo vya usiku na asubuhi kwa wiki moja mumpelekee daktari wake, anaweza kubadilisha muda au dozi ya dawa. Kama anatumia metformini, kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi.

SWALI: Nikisimama ghafla naona giza sekunde chache alafu linaondoka. Moyo? (Dada wa ofisini)

JIBU: Mara nyingi hapana dada. Ukisimama, damu ya kati ya nusu lita na zaidi kidogo inashuka miguuni na tumboni, presha ya kichwani inashuka, vihisio kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ule unaotoka kwenye moyo vinagundua, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inarudi. Lile giza ni zile sekunde za kusubiri. Linazidi ukiwa huna maji ya kutosha, umetoka kuoga maji ya moto, umelala muda mrefu au unameza dawa za presha. Ukiwa unaanguka, au linatokea kila siku, au moyo unadunda ovyo, kapimwe presha ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama.

SWALI: Kukiwa na baridi kwa nini nakojoa kila saa wakati sijanywa kitu? (Mimi)

JIBU: Mishipa ya ngozi imebana ili joto lisitoke, damu iliyokuwa kwenye ngozi imerudi katikati ya mwili, mwili unaona damu imejaa huku ndani, unapunguza kwa njia ya figo. Vaa sweta.

SWALI: Mwalimu kwa heshima, mi ni mkunga. Umeandika kwamba mwili kitu kikipanda unakishusha, kikishuka unakipandisha. Mbona uchungu ukishaanza haurudi nyuma, unazidi tu? (Mkunga)

JIBU: Umenishika pazuri mkunga. Karibu kila kitu nilichoeleza hapa kinafanya kazi kwa kupinga badiliko, na Walter Cannon, Mmarekani aliyeipa habari hii jina la homeostasisi mwaka 1926, alikuwa anazungumzia hasa hilo la kupinga. Lakini kuna kazi chache ambazo mwili unazifanya kwa kuchochea badiliko lizidi. Kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi, neva zinapeleka taarifa kwenye ubongo, ubongo unaachia oksitosini, kizazi kinakaza zaidi, kichwa kinasukuma zaidi, oksitosini zaidi. Wewe umeliona mara nyingi kuliko mimi. Kinachofanya lisiende bila mwisho ni kwamba lina mlango wa kutokea: mtoto akishatoka, hamna tena kinachosukuma. Damu kuganda nako ni hivyo, chembe sahani zikishika kwenye jeraha zinaita zingine mpaka tundu lizibe, na kuna kemikali nyingine pembeni zinazozuia bonge lisienee mshipa mzima.

Hatari ni pale mzunguko wa namna hiyo unapoanza mahali ambapo hauna mlango. Mama anayevuja damu sana baada ya kujifungua mwanzoni mwili unapambana, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inaweza kuonekana nzuri kabisa kwenye kipimo. Ikipita kiasi, moyo wenyewe unakosa damu ya kutosha, unasukuma kwa udhaifu, presha inashuka, moyo unakosa damu zaidi. Ndo maana nyie mnaangalia mapigo ya moyo na kiasi cha damu kwenye shuka kabla ya kuiamini presha, na mko sahihi.

SWALI: Tunashindana na rafiki yangu kuzama kwenye bwawa la kuogelea nani atakaa chini muda mrefu. Yeye kabla ya kuzama anapumua haraka haraka mara nyingi, anasema anajaza oksijeni, na kweli ananishinda. Nami nianze? (Muogeleaji)

JIBU: Usianze, na yeye aache. Hajajaza oksijeni yoyote ya maana, damu inayotoka kwenye mapafu ya mtu mzima mwenye afya imeshabeba 97% au 98% ya oksijeni inayoweza kubeba hata akipumua kawaida tu. Alichofanya ni kufukuza kabonidayoksaidi. Na kinachokulazimisha kuvuta pumzi, ile hali ya kifua kutaka kupasuka, kwa sehemu kubwa inaletwa na kabonidayoksaidi kupanda, kushuka kwa oksijeni kunachelewa sana kupiga kelele. Kwa hiyo anazama akiwa ameizima kengele. Anakaa chini anajisikia vizuri, kabonidayoksaidi inapanda taratibu kutoka chini kabisa, huku oksijeni inaliwa kama kawaida, inaisha kabla kifua hakijaomba hewa, na anazimia ndani ya maji bila kuhangaika wala kurusha mikono. Mtu wa pembeni anadhani bado anashindana. Wanaokufa hivyo ni waogeleaji wazuri, kwenye mabwawa ya kawaida, wasioweza kuogelea hata hawafiki huko.

Mkitaka kushindana shindaneni mbio za kwenda na kurudi, na pawe na mtu juu anayewaangalia.